Somo la Wanachama: Panya Shamba na Mbegu ya Mkulima

Mkulima wa Kingerikiti apandapo mahindi mvua zinapoanza, huifukia ardhini akiba ya mwaka mzima. Mara nyingine, baada ya siku chache tu, hukuta vishimo vidogo vimefuatana katika mistari na mbegu hazimo. Hiyo ni kazi ya panya shamba. Watafiti wamekadiria kwamba panya huteketeza yapata asilimia 15 ya mahindi nchini kila mwaka. Mwaka wa mlipuko hasara huzidi hapo. Yafaa basi kila mwanachama ayajue maisha ya mnyama huyu.

1. Umbile na chakula

Panya shamba, ambaye wataalamu humwita Mastomys natalensis, ana manyoya laini ya kahawia, tumbo la kijivujivu, na mkia unaokaribia urefu wa mwili wake. Uzito wake ni gramu 50 hivi. Hutoka usiku, na hula mbegu, majani na wadudu. Hupenda mbuga za nyasi, mashamba yaliyolazwa na mipaka yenye magugu.

2. Uzazi

Jike huchukua mimba kwa siku 23 tu. Uzao mmoja huwa na watoto 10 hadi 12 kwa kawaida, na jike huweza kuwa na chuchu hata 24. Hata hivyo hazai mwaka mzima. Uzazi hufuata mvua na majani machanga. Uchunguzi wa miaka mingi uliofanywa Morogoro na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine pamoja na wataalamu kutoka Ubelgiji umeonyesha kwamba mvua za mwanzo zikiwa nyingi kuliko kawaida, panya wachanga hukomaa mapema na kuzaa kizazi cha ziada. Hicho ndicho chanzo cha mlipuko. Kwa hiyo dalili ya hatari huonekana angani kabla ya kuonekana shambani.

3. Tabia ya kuishi pamoja

Wako wanyama ambao kila mmoja hulinda eneo lake na kumfukuza mgeni. Panya shamba sivyo. Maeneo yao huingiliana, na panya kadhaa huweza kutumia shimo moja. Dume hupanda majike wengi, na jike hupandwa na madume wengi, hata watoto wa uzao mmoja huweza kuwa na baba tofauti. Kwa kuwa hawafukuzani, idadi yao katika ekari moja huweza kuwa kubwa mno.

Tabia hiyo ina funzo zito. Mkulima mmoja akiwaua panya wote wa shamba lake, nafasi huwa wazi, na panya wa jirani huijaza katika majuma machache. Fedha ya sumu imepotea, na mbegu huliwa vile vile.

4. Hatua za kuchukuliwa na chama

(a) Wanachama wenye mashamba yanayopakana wafyeke mipaka na kutega mitego kwa siku zile zile, kabla ya kupanda. Mbegu huwa hatarini zaidi tangu kupandwa hadi majuma mawili hivi baadaye.

(b) Sumu itumike kwa maelekezo ya bwana shamba peke yake. Chambo cha sumu huua pia kuku na mbwa, na ni hatari kwa watoto.

(c) Panya aliyekufa asishikwe kwa mkono mtupu. Panya na viroboto wao huhusika katika kueneza tauni, ugonjwa uliozuka Lushoto mwaka 1980.

(d) Bundi asiuawe kwa kudhaniwa ndege wa mkosi, kwani chakula chake ni panya. Lakini bundi na paka peke yao hawawezi kuzuia mlipuko.

(e) Mahindi yavunwe mara yakaukapo na kuwekwa katika ghala lililoinuliwa.

Panya hawana mipaka ya mashamba. Mkulima anayepambana nao peke yake huwalimia wao. Wanachama wakiondoka pamoja, kwa siku moja, mbegu huota.

Maswali ya majadiliano

1. Kwa nini kutega mitego katika shamba moja tu hakufai?
2. Mvua za mwanzo zikizidi, chama kifanye nini kabla ya kupanda?
3. Ni mashamba yapi ya wanachama yanayopakana na mapori, na nani atasimamia ufyekaji wake?