Kupiga Picha kwa Miguu: Mbamba Bay hadi Liuli

Mwanachuo mwenzangu, likizo hii ukishuka kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, usirudi na selfi tu. Tembea kaskazini kuelekea Liuli, Ziwa Nyasa likiwa kushoto kwako.

Somo la kwanza ni mwanga. Asubuhi jua linatokea milimani, nyuma yako ukitazama maji, kwa hiyo wavuvi na mitumbwi yao wanaonekana vizuri. Jioni linazama upande wa Malawi, na kila mtu anabaki kivuli cheusi.

La pili ni historia. Kwa sababu ya jabali la Liuli, Wajerumani waliiita bandari ile Sphinxhafen. Agosti 1914 meli yao, Hermann von Wissmann, ilishambuliwa hapo na Gwendolen ya Waingereza. Bila maelezo hayo, picha yako ni ya jiwe tu.

La tatu liliniaibisha. Nilimpiga picha mama akianika usipa, bila hata hodi. Akauliza, "Mwanangu, sura yangu unaipeleka wapi?" Sikuwa na jibu. Nikaifuta, nikamwamkia shikamoo, nikakaa, nikamsaidia kugeuza samaki. Baadaye akasema, "Haya, sasa piga." Katika picha zangu zote, hiyo ndiyo ninayoionyesha bila wasiwasi.