Hatari ya Gari Kuwa Upande Usio Wake: Somo la Mwendo katika Barabara Kuu ya Iringa na Mbeya

Utangulizi

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma ilijengwa kati ya mwaka 1968 na 1973 ili kuiunganisha Zambia na bandari ya Bahari ya Hindi. Ikishavuka bonde la Ruaha Mkuu hupanda mlima Kitonga, hupita Iringa na Mafinga, kisha huteremka na kupanda tena katika Inyala, Mlima Nyoka na Iwambi mkoani Mbeya. Sehemu kubwa ya barabara hiyo ina njia mbili tu, moja ya kwenda na nyingine ya kurudi, na kitenganishacho magari yanayokutana ni mstari wa rangi.

Tarehe 11 Machi 1915 haikuwa na magari ya namna hii. Lakini tarehe hiyo hiyo mwaka 2015, mahali paitwapo Changarawe karibu na Mafinga, lori lenye kontena liligongana na basi lililotoka Mbeya kwenda Dar es Salaam. Kontena liliangukia basi, na watu zaidi ya 40 walikufa. Taarifa za wakati ule zilieleza kuwa kisa kilikuwa ni kukwepa shimo barabarani. Shimo dogo lilitosha kulitoa gari upande wake.

Dereva anayekwenda kinyume hudhaniwa kuwa ni mlevi au mtu aliyepotea njia. Katika barabara ya njia mbili dhana hiyo haitoshi. Kila dereva anayelipita gari lililo mbele yake huingia upande usio wake kwa muda fulani. Swali la kisayansi ni hili: muda huo ni mrefu kiasi gani, nao huhitaji nafasi kiasi gani?

Hesabu ya kulipita lori

Ichukuliwe kwamba lori lenye tela, urefu wa mita 18, linapanda mlima kwa kasi ya kilomita 40 kwa saa. Nyuma yake lipo basi la mita 12 linalokwenda kilomita 60 kwa saa. Ili basi lipite salama, yafaa liache mita 15 kabla ya kutoka na mita 15 baada ya kurudi. Kwa hiyo basi lazima lilizidi lori kwa:

15 + 18 + 12 + 15 = mita 60.

Tofauti ya kasi zao ni kilomita 20 kwa saa, yaani mita 5.56 kwa sekunde. Muda unaohitajika ni 60 ÷ 5.56, karibu sekunde 10.8. Katika muda huo basi husafiri mita 180. Ikiwa gari jingine linakuja kutoka mbele kwa kilomita 80 kwa saa, nalo husafiri mita 240. Jumla ni mita 420.

Maana yake ni kwamba dereva asiyeona mita 420 za barabara tupu mbele yake hana haki ya kutoka. Katika kona ambayo macho hufika mita 200 tu, magari hayo mawili yatakutana baada ya sekunde 5 hivi, na basi halijafika hata nusu ya kazi yake. Ustadi wa dereva hauwezi kuifuta hesabu hiyo.

Kwa nini gari dogo huumia zaidi

Ichukuliwe sasa kwamba basi dogo la tani 5 na lori la tani 50 yanagongana uso kwa uso, kila moja likiwa na kasi ya kilomita 80 kwa saa, kisha yanakwenda pamoja. Momenta, yaani zao la tungamo na kasi, haipotei:

(50 × 80) − (5 × 80) = 55 × k

k = kilomita 65.5 kwa saa, kuelekea alikokuwa akienda mwenye lori.

Kasi ya lori imebadilika kwa kilomita 14.5 kwa saa tu. Kasi ya basi dogo imebadilika kwa kilomita 145.5 kwa saa, kwa kuwa limesimamishwa na kurudishwa nyuma papo hapo. Badiliko hilo ndilo linalovunja mifupa ya abiria. Mwenye gari dogo hulipa deni hata kama kosa si lake.

Njia za kuzuia

Njia ya kwanza ni utii. Mahali penye mstari mzima katikati ya barabara, wahandisi wamekwisha kuonyesha kwamba macho hayafiki mbali vya kutosha. Mstari wa vipande hauamuru kupita. Huruhusu tu, baada ya dereva kuona. Aidha, dereva aliyeketi upande wa kushoto katika nchi inayoendesha kushoto huzibwa na lori la mbele, hivyo hulazimika kutoka sana ndipo aone. Yampasa kuongeza subira.

Njia ya pili ni ujenzi. Palipo na mlima, njia ya ziada ya malori mazito huwawezesha wengine kupita bila kuingia upande wa wanaokuja. Nchini Uswidi, tangu mwaka 1998, barabara nyingi zimegawanywa kuwa njia tatu: mbili upande mmoja na moja upande wa pili, zikibadilishana kila baada ya kilomita chache, na kamba za chuma katikati. Vifo katika barabara hizo vilipungua kwa zaidi ya nusu. Kuziba mashimo nako ni kinga, kama Changarawe ilivyofundisha.

Njia ya tatu yahusu barabara mpya. Mradi wa kuipanua barabara ya Mbeya kuwa ya njia nne, kati ya Nsalaga na Ifisi, umbali wa kilomita 29, huondoa haja ya kulipita gari kwa kuingia upande wa pili. Hata hivyo, barabara za namna hiyo huleta kosa jipya: bodaboda au gari huingia njia ya wanaokuja ili kukwepa safari ndefu ya kwenda kugeuza. Dawa yake ni sehemu za kugeuzia zilizo karibu, mishale juu ya lami, na alama zinazomtazama yule tu anayeingia kinyume. Nchini Ujerumani redio hukatiza vipindi ili kuwaonya wasafiri pindi dereva wa namna hiyo anapoonekana.

Mazoezi

1. Rudia hesabu ya kwanza, lori likienda kilomita 50 kwa saa badala ya 40. (Jibu: sekunde 21.6, mita 840.) Kwa nini nafasi inayohitajika imekuwa maradufu?

2. Mabasi mawili yenye tungamo sawa yanagongana uso kwa uso, kila moja kwa kilomita 80 kwa saa. Kasi ya kila moja hubadilika kwa kiasi gani?

3. Abiria anamhimiza dereva alipite lori konani. Mweleze, kwa hesabu, kwa nini afadhali kuchelewa.