Kutunza Mbegu ya Viazi Vitamu

Huku Ruponda kiangazi ni kirefu, na marando hukauka kabla ya mvua za Desemba. Asiye na bonde lenye maji hukosa mbegu. Basi twawaonyesha njia isiyo na gharama.

Wakati wa kuvuna, chagueni viazi vizima, visivyo na tundu la fukusi wala jeraha la jembe. Anikeni mchanga juani, uacheni upoe, kisha vipangeni ndani yake katika chungu au beseni, visigusane. Wekeni ndani ya nyumba, mahali pasipo joto. Kila mwezi vitazameni, kilichooza kitupwe.

Katikati ya Oktoba vipandeni kitaluni, mkivinyweshea. Kiazi kimoja chaweza kutoa mapando 40. Basi viazi 20 vitawapa 800 mvua ianzapo.