SOMO LA SAFARI: KUUONA MJI WA DAR ES SALAAM KWA MARA YA KWANZA

Kila mwaka mavuno yakiisha na njia zikikauka, watu wengi wa shamba hushikwa na hamu ya kwenda kuuona mji mkubwa. Hamu hiyo ni njema, wala hatumlaumu mtu kwa kuwa nayo, maana macho ni mwalimu. Lakini twaona kwamba wengi huenda na kurudi pasipo faida. Huondoka na fedha ya jasho la mwaka mzima, huzunguka barabarani siku 4 au 5 wakisukumwa na umati, na wakiulizwa nyumbani, "Mmeona nini?" hujibu, "Tumeona maghorofa na magari." Wengine, na hili ni la kusikitisha zaidi, huishiwa na fedha huko huko, wakakosa nauli ya kurudi, wakabaki sokoni kubeba mizigo ya watu hali mashamba yao yamegeuka pori.

Kwa sababu hiyo tumeona vema kuandika somo hili kwa wakubwa wa vijiji, walimu, na kila msomaji atakaye kusafiri. Mji tuliouchagua ni Dar es Salaam. Serikali iliamua mwaka 1973 kuyahamishia makao makuu Dodoma, walakini Dar es Salaam ndio mji mkubwa kuliko yote ya Tanzania. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1921 mtu angaliweza kuujua mji huo wote kwa miguu. Katika hesabu ya mwaka 2022 mkoa wake ulikuwa na watu 5,383,728. Mji wa namna hiyo hauonekani wote kwa siku chache. Neno letu kubwa basi ni hili: safari ya kuuona mji hutengenezwa nyumbani, kabla ya kufunga mzigo.

Swali kwanza, nauli baadaye

Kabla ya kuhesabu fedha, msafiri na ajiulize, "Nataka kujua nini?" Aandike maswali 3 tu katika karatasi. Mkulima aweza kuuliza, "Mazao ya bara yakifika pwani huenda wapi?" Mwalimu aweza kuuliza, "Watu wa kale wa nchi hii waliishije?" Mzee aweza kuuliza, "Babu zetu waliochukuliwa upagazi katika vita ya mwaka 1914 mpaka 1918 walipelekwa wapi, nao wanakumbukwaje?"

Mtu mwenye swali huona kitu pale ambapo mwenziwe huona ukuta. Asiye na swali huvutwa na kila kelele, na fedha yake humfuata mwenye kelele.

Wakati wa kwenda

Pwani ina mvua mara mbili kwa mwaka: masika, tangu Machi hata Mei, na vuli, tangu Oktoba hata Desemba. Wakati wa masika barabara nyingi za mjini hujaa maji, na mwenda kwa miguu hupata taabu. Miezi iliyo mizuri ni Juni, Julai na Agosti, wakati wa kipupwe, ambapo joto limepungua. Tena kwa watu wengi wa bara ndio wakati mavuno yamekwisha kuingia ghalani. Walimu nao wachague siku za likizo, ili masomo yasikatizwe.

Kugawa fedha

Fedha yote ya safari igawanywe mafungu 4 nyumbani, mbele ya mke au mume au mzee wa nyumba, ili awepo shahidi. Fungu la kwanza ni nauli ya kwenda na ya kurudi. Nauli ya kurudi itengwe kwanza kabisa, ifungwe mbali, wala isiguswe kwa jambo lolote, hata bei ya kitenge ikiwa rahisi namna gani. Fungu la pili ni malazi. La tatu ni chakula, nauli za mjini, na viingilio vya mahali pa kutazama. La nne ni akiba ya ugonjwa na ya mambo yasiyotazamiwa. Zawadi za watoto zitoke katika kile kitakachobaki siku ya mwisho. Akiba haiozi, na mtoto hatamlaumu baba yake kwa kurudi bila zawadi kama atakavyomlaumu kwa kutorudi.

Ikiwa mafungu 4 hayatoshi, safari iahirishwe mwaka mmoja. Hapana aibu katika kungoja.

Kufika na kulala

Zamani reli ya kati ndiyo iliyoleta watu wa bara. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kuchukua abiria katika reli mpya kati ya Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma. Wajao kwa basi wafahamu kwamba kituo kikuu cha mabasi ya mikoani, kilichofunguliwa mwaka 2021, kipo Mbezi, mbali na katikati ya mji. Kutoka huko imebaki safari nyingine ya kuingia mjini, nayo ina nauli yake. Wengi hulisahau jambo hili katika hesabu zao. Yafaa kufika mchana, kwa sababu mgeni afikaye usiku hawezi kuchagua. Hulala palipo wazi na hulipa aambiwacho.

Mwenye ndugu mjini ampelekee habari mapema, angoje jibu, wala asimtokee mlangoni ghafula. Nyumba za mjini ni ndogo, na maji, mkaa na unga hununuliwa kila siku. Wazee wamesema, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Basi mgeni mwema huja na kitu cha shamba mkononi, mchele au maharage au asali, na siku ya kuondoka huaga kabla hajachokwa.

Siku ya kwanza: kando ya bandari

Kanuni ya kutazama mji ni kupanga mambo kwa mahali yalipo, si kwa sifa zake. Aliye leo kaskazini, kesho kusini, na baadaye kaskazini tena, hula fedha yake kwa nauli. Sisi twashauri siku 3.

Siku ya kwanza iwe ya mji wa kale, ambao waweza kuuona kwa miguu. Anzeni asubuhi mapema penye Sanamu ya Askari, katika barabara ya Samora. Wajerumani walikuwa wameweka hapo sanamu ya gavana wao Wissmann. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916 iliondolewa, na mwaka 1927 ikafunuliwa hii ya askari Mwafrika, kuwa ukumbusho wa askari na wapagazi wa vita ile. Itazameni vizuri, kwa kuwa tutairudia habari yake.

Kisha teremkeni hata ufukoni mwa bandari. Mtaona kanisa la Kilutheri la Azania Front lenye paa la vigae vyekundu, na karibu yake kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, yote mawili kazi ya wakati wa Wajerumani. Mbele kidogo lipo Boma la Kale, lililosalia tangu siku za Sayyid Majid bin Said, Sultani wa Unguja. Yeye ndiye aliyeanza kujenga mji hapa katika miaka ya 1860, karibu na kijiji cha wavuvi kilichoitwa Mzizima. Alifariki mwaka 1870, na kazi yake ikadorora, mpaka mwaka 1891 Wajerumani walipoufanya mji huu kuwa makao yao makuu badala ya Bagamoyo.

Hapo mkulima na asimame aitazame bandari. Sababu ya mji kuwapo ni maji yale yaliyotulia, yaliyofunikwa na nchi kavu pande zote ila mlango mwembamba wa kuingilia meli. Reli ilijengwa ili izifikie meli, na mji ukakua juu ya mizigo iliyotoka mashambani. Mwenye kulima asijione mgeni mahali hapo. Jembe lake lina sehemu katika mawe yale.

Alasiri nendeni soko la samaki, kisha mvuke kwa pantoni hata Kigamboni na kurudi. Nauli yake ni ndogo, na mji wote huonekana vema kutoka majini.

Siku ya pili: vitu vya kale

Siku ya pili ingieni Makumbusho ya Taifa, karibu na bustani ya miti. Nyumba ya kwanza ya makumbusho hayo ilifunguliwa mwaka 1940. Huko ndiko linakohifadhiwa fuvu la Zinjanthropus, aliloliona Bibi Mary Leakey huko Oldupai mwaka 1959, lenye umri wa miaka kama 1,750,000. Msipite mbio. Afadhali kusoma maandishi ya vitu 10 kuliko kupita mbele ya vitu 300. Walimu wampe kila mtoto kitu kimoja akichore na kukieleza.

Alasiri, ikiwa nguvu ipo, nendeni Kijiji cha Makumbusho, kilicho Kijitonyama katika njia ya Bagamoyo. Huko zimejengwa nyumba za makabila mbalimbali kwa miti, udongo na majani, kama zilivyojengwa zamani. Watu wengine wa shamba hucheka wakiambiwa walipe kiingilio ili watazame nyumba ya nyasi. Lakini fikirini: mji wenye maghorofa umeona kwamba ufundi wa babu zenu wastahili kutunzwa. Mtoto akiliona hilo, atarudi nyumbani na kumtazama babu yake kwa macho mengine.

Siku ya tatu: Kariakoo na Mnazi Mmoja

Siku ya tatu anzeni Mnazi Mmoja. Waingereza waliuacha uwanja huu wazi uwe mpaka kati ya mitaa ya Waafrika na mitaa ya wengine. Ng'ambo yake ndiyo Kariakoo, na katika mtaa uitwao sasa Lumumba ilikuwapo nyumba ambamo TANU iliundwa tarehe 7 Julai, 1954. Hivyo mahali palipowekwa kutenga watu ndipo karibu na mahali watu walipokutana kuudai uhuru, ambao Tanganyika iliupata tarehe 9 Desemba, 1961.

Jina Kariakoo latokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, ambacho kambi yake ilikuwa hapo wakati wa vita ya kwanza. Wapagazi hao walitoka vijijini. Walichukua risasi na unga kichwani mamia ya maili, na makumi ya maelfu yao walikufa, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Sasa ikumbukeni sanamu ya siku ya kwanza. Askari amepata shaba nyeusi, na mpagazi amebaki katika jina la soko, linalotajwa kila siku na watu wasiojua walitajalo. Yule mzee aliyeuliza habari za babu zake hapa amepata sehemu ya jibu. Jengo kubwa la soko, lililochorwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliungua mwezi wa Julai 2021, na matengenezo makubwa yakafuata.

Kununua kuwe baada ya kutazama. Ulizeni bei katika maduka 3 kabla ya kutoa fedha.

Kujilinda

Kwanza, fedha isikae mfuko mmoja, wala isihesabiwe njiani. Pili, andikeni jina la mtaa na namba ya simu ya mwenyeji katika karatasi, kwa kuwa simu huzimika na huibwa. Tatu, patana nauli na mwenye bajaji au pikipiki kabla ya kupanda. Nne, anayekujia mbio akikuita kwa ukarimu na kukuonyesha bahati ya fedha au dhahabu iliyookotwa, mwache aende zake; bahati ya kweli haimkimbilii mgeni. Tano, Ikulu na kambi za askari zisipigwe picha. Sita, aliyepotea amwulize mwenye duka au askari polisi, si mpita njia mmoja tu. Kuuliza si ujinga. Wenye kuchukua watoto wawahesabu kila wapandapo na kila washukapo.

Kurudi

Safari haijakwisha mpaka habari zake zimesimuliwa. Msafiri na aketi na watu wa nyumbani, atoe ile karatasi ya maswali 3, aeleze amepata majibu gani. Kijiji kizima kimefanya kazi ili mmoja apate nafasi ya kwenda: mwingine alimchungia mbuzi, mwingine alimlindia shamba. Kila mmoja wao ana haki ya sehemu ya yale aliyoyaona.

MASWALI KWA WANAFUNZI

1. Kwa nini nauli ya kurudi hutengwa kabla ya fedha nyingine?
2. Bandari, reli na shamba vina uhusiano gani katika kukua kwa Dar es Salaam?
3. Wapagazi wa vita ya kwanza wanakumbukwa kwa mambo gani mawili mjini?
4. Andika maswali 3 ambayo wewe ungeyachukua katika safari yako.