Hesabu D Zako Kabla ya Kupanda Kivuko

Februari moja nilikuwa Bweni nasubiri kivuko cha kuvuka kwenda Pangani mjini. Binti mmoja wa kwetu Ushongo akanisogelea, akanipa shikamoo, akakaa pembeni yangu juu ya gunia la nazi la mtu. Mkononi ana simu iliyopasuka kioo. "Dada, matokeo yametoka. Nimefaulu matano. Nataka unesi."

Nikamwambia nisomee. Kiswahili C. Elimu ya Dini ya Kiislamu (EDK) C. Uraia D, Baiolojia D, Kemia D. Kisha akazima simu. Nikamwambia washa, hujamaliza. Fizikia, F.

Wadogo zangu, hapo ndipo wengi wetu wa pwani tunapokwama, na hakuna anayetuambia mapema. Stashahada ya Uuguzi na Ukunga inataka angalau D nne za Kidato cha Nne katika masomo yasiyo ya dini, na kati ya hizo nne lazima iwemo Kemia, iwemo Baiolojia, iwemo Fizikia. Hesabu na Kiingereza ukiwa umefaulu ni nyongeza nzuri. EDK yako, hata ingekuwa A, mbele ya Mungu na mbele ya mama ni jambo la kujivunia, lakini kwenye fomu ya uuguzi haihesabiwi. Kwa hiyo matano ya yule binti yalikuwa manne, na katika hayo manne Fizikia haimo. Bado hajafika mlangoni.

Akainamisha kichwa. Nikampa habari nyingine: kwa matokeo yale yale, sifa za kuomba famasi anazo, maana famasi inadai Kemia na Baiolojia, Fizikia si lazima. Akaniangalia kama niliyemtukana. "Mimi nataka kuzalisha, dada, siyo kuhesabu vidonge." Nilicheka mpaka mwenye gunia akageuka. Basi, kama ni kuzalisha, dawa yake ni moja: kurisiti Fizikia. Unajiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea kwenye kituo kilicho karibu, na usajili huanza mwanzoni mwa mwaka, siyo Septemba unapoona wenzako wanafunga mabegi. Unakaa mtihani Novemba na wadogo zako. Aibu ipo, sikatai. Mimi mwenyewe nilikaa chumba kimoja cha mtihani na mtoto niliyewahi kumbeba mgongoni. Ukipata D yako, kwenye maombi unaweka namba za mitihani yote miwili.

Nasema hivi kwa sababu naona wasichana wanapoteza miaka mitatu wakisubiri "nafasi". Wanasema bahati haijafika. Bahati gani, na wewe hujui hata unadaiwa somo gani?

Sasa tuje kwenye majina, na hili nalisema kwa uchungu wa kwangu. Cheti changu cha kuzaliwa kiliandikwa Mwanaidi, cha shule kikaandikwa Mwana Idi, maneno mawili. Nyumbani hakuna aliyejali. Kwani si mtu ni yule yule? Mwaka wa kuomba chuo niligundua siku tatu kabla ya dirisha la maombi kufungwa. Sikuwahi. Mwaka mzima nilibaki nyumbani nikiparua samaki na kuanika dagaa, kwa ajili ya nafasi moja tupu kati ya herufi mbili. Kosa langu, sikumlaumu mtu. Kwa hiyo leo weka mezani cheti cha kuzaliwa, matokeo ya NECTA na kitambulisho cha NIDA kama unacho, uvisome herufi kwa herufi. Mwanahamisi na Mwanakhamisi, Zuhura na Zuhra, jina la babu lililoongezwa huku likaachwa kule: yote hayo ni ya kuyamaliza mapema, RITA au kwa hati ya kiapo. Na kama cheti cha kuzaliwa huna kabisa, kama wengi waliozaliwa mikononi mwa bibi, anza na hicho kabla ya kitu kingine chochote.

Maombi yenyewe si mzigo. Kozi za afya Tanzania Bara hupitia mfumo wa pamoja wa udahili wa NACTVET, baraza lile tulilozoea kuliita NACTE. Dirisha hufunguliwa katikati ya mwaka, na unaweza kuomba kwa simu ukiwa umekaa chini ya mnazi, mradi mtandao upo. Chagua zaidi ya chuo kimoja. Watoto wa Pangani tuna ugonjwa wa kutaka Tanga mjini tu, kwa sababu shangazi anakaa Chumbageni. Korogwe kuna chuo cha uuguzi cha serikali. Muheza kuna cha kanisa la Anglikana kwenye hospitali ya Teule. Na kama Bagamoyo itakupokea, nenda Bagamoyo. Shangazi atakuja kukuona.

Mtu akikwambia "ninamjua mtu wizarani, nipe laki mbili jina liingie", mwache. Mjomba wangu alilipa, tukaja kugundua chuo chenyewe hakimo kwenye kitabu cha mwongozo cha NACTVET. Kitabu hicho kiko mtandaoni, kina majina ya vyuo vinavyotambuliwa, sifa za kila kozi na ada. Kisome wewe mwenyewe, usisomewe.

Ada ndiyo mwamba. Vyuo vya serikali ni nafuu, vya binafsi na vya dini vinapanda, na juu yake kuna sare, bima, chakula, malazi. Bodi ya Mikopo ilianza kuwakopesha wanafunzi wa stashahada mwaka wa masomo 2023/24, ila si kila kozi ya afya iliingizwa, kwa hiyo soma mwongozo wa mwaka wako kabla ya kumwambia baba asihangaike. Na ukizungumza na baba, zungumza naye kwa kalenda yake. Dirisha linafunguka na ada ya kwanza inadaiwa wakati kusi imevuma miezi, ngalawa zimelala mchangani na mfukoni hamna kitu. Fedha ya chuo inatafutwa wakati wa kaskazi, samaki wakiwapo, inawekwa kwa mtu asiyekopesha kirahisi. Kwetu mtu huyo alikuwa bibi. Alifunga noti kwenye ncha ya kanga, na hata yeye mwenyewe alikuwa mzito kuifungua.

Ukifika chuoni utasoma miaka mitatu, ngazi ya nne, ya tano na ya sita. Masomo ni kwa Kiingereza, na wiki za kwanza utaona kama unasikiliza redio ya mbali. Itapita. Kisicholingana na ndoto ya gauni jeupe ni wodi. Siku yangu ya kwanza nilipewa beseni, sabuni na bibi mmoja aliyepooza upande. Kumwogesha mtu mzima kitandani bila kumvua heshima yake: unafunua mkono, unaosha, unakausha, unafunika, ndipo unaenda mkono wa pili. Dakika arobaini. Aliponiambia "Mungu akupe mume mwema" nilikuwa nimelowa jasho kuliko yeye alivyolowa maji. Kama kazi hiyo inakutia kinyaa moja kwa moja, rudi kwenye famasi, na wala si dhambi. Kaka zangu mnaosoma hapa, haya yanawahusu nanyi. Wodini wauguzi wanaume tunawahitaji, hasa pale wa kugeuzwa ana kilo tisini.

Na jueni kwamba stashahada peke yake haitoshi kukuruhusu kumgusa mgonjwa kama muuguzi. Kuna mtihani na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Wako waliofanya sherehe ya kumaliza chuo, pilau na taarabu, kisha wakakaa nyumbani kwa sababu waliudharau mtihani huo.

Yule binti tulivuka naye. Upande wa mjini hakwenda sokoni alikotumwa. Alikwenda kuulizia kituo cha watahiniwa wa kujitegemea, nazi za mama yake nikaziuza mimi.

Jioni ya leo, mdogo wangu, toa matokeo yako. Futa somo la dini kwa penseli, halafu hesabu upya. Kisha niandikie unadaiwa somo gani.