Mhudumu mpya wa ambulensi asiyesikia vizuri

Swali: Mhudumu mpya mwenye usikivu hafifu atapimaje presha ya mgonjwa njiani?

Jibu: Ndani ya ambulensi inayokwenda kasi, king'ora kikilia, hata mwenye masikio mazima hupata shida kusikia mapigo kwenye stetoskopu. Njia ya kugusa ipo. Vidole viwili huwekwa kwenye mshipa wa kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba; mkanda wa kupimia presha hujazwa upepo hadi mapigo yapotee, kisha upepo hutolewa polepole. Yanaporudi, namba inayosomeka ni presha ya juu. Ya chini haipatikani hivyo. Kwa kusikiliza mapafu, zipo stetoskopu za kielektroniki zinazokuza sauti. Kujiamini huja kwa kurudia vipimo hivi kwa wenzake kabla ya zamu. Nao waelezwe mapema kuhusu usikivu wake, wampe maagizo wakimtazama usoni.