Mvinyo kwenye mahafali ya wana-Kibakwe

SWALI: Sisi wanafunzi tunaotoka Kibakwe tunaosoma Chuo Kikuu cha Dodoma tunataka kuwaaga wahitimu wetu kwa mvinyo wa zabibu. Mtendaji wa kata nyumbani anaweza kutuandikia kibali?

JIBU: Hapana, mdogo wangu. Kibakwe iko Mpwapwa. Sherehe yenu iko Dodoma mjini. Chini ya Sheria ya Vileo ya 1968, leseni hutolewa na mamlaka ya mahali kileo kinapouzwa, kwa hiyo mlango wenu ni Halmashauri ya Jiji. Na kiingilio chenye kinywaji ndani yake kihesabuni kuwa ni mauzo.

Lakini anzeni kwa Mshauri wa Wanafunzi. Leseni haiwapi ruhusa ya kumimina kileo ndani ya chuo. Barua yenu ya kumwomba ruhusa iseme ukumbi, idadi ya watu, saa ya kufunga, na nani atasimama mlangoni akikagua vitambulisho, maana aliye chini ya miaka 18 hauziwi. Hapo ndipo barua nyingi hukwama.

Mkikataliwa, msibishane. Kodini ukumbi wenye leseni mjini, na usafiri wa kuwarudisha watu mkaulipie mapema. Hilo la usafiri nalisisitiza kwa moyo wote.